Havijafa, Vimeingia Ndani: Miaka Thelathini na Minne ya Bi Arobaini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Arobaini atavua koti lake jeupe, atalikunja mara nne na kulirudisha stoo kama kanuni inavyotaka. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi katika maabara yetu ya fiziolojia. Jina lake kamili na picha yake viko kwenye jalada la programu hii. Picha imetoka vizuri sana, ingawa mwenyewe analalamika kwamba imemnenepesha. Humu ndani tutamwita tulivyozoea kumwita.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ni mkuu wa kitengo, na kwa kuwa hakuna aliyebaki hapa aliyefanya naye kazi muda mrefu kama mimi. Sababu hizo ni za kweli. Ipo nyingine ambayo kamati haikuijua. Miaka kumi na minane iliyopita nilimkosea mama huyu kosa kubwa, nikanufaika nalo, na nisipolisema kabla hajatoka kwenye lango lile sitalisema tena maishani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hapa utapata sifa, utapata vichekesho, na katikati yake utapata ungamo. Usishtuke, wala usiruke kurasa.

Tuanze mwanzo. Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kazi yake kuosha vyombo. Chumba cha kuoshea kilikuwa kilekile cha leo: sinki mbili za chuma, rafu ya mbao iliyovimba kwa maji, na dirisha linalotazama ukuta. Wenzake wawili walioajiriwa naye siku moja waliacha kazi kabla mwaka haujaisha, vidole vimepasuka kwa sabuni kali. Yeye alibaki. Alikuwa akisoma maandishi ya kila chupa aliyoiosha na kuuliza maana yake, na asiporidhika na jibu alikuuliza tena kesho yake kana kwamba jana hukusema kitu. Mwaka wa tano akaingia masomo ya jioni ya ufundi wa maabara. Mume wake, fundi saa mwenye kibanda karibu na kituo cha basi, ndiye aliyekuwa akipika na kumlaza mtoto wao wa kike. Alifaulu vizuri, akawa fundi, na miaka kumi na miwili baadaye akawa fundi mkuu. Hata alipopanda cheo, mabomba yake ya kioo aliendelea kuyaosha mwenyewe. Alisema hajaona mtu wa kumwamini.

Huyohuyo mume ndiye aliyetuletea ile saa ya kengele. Aliitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya saa nne tofauti, na inalia kama jogoo mwenye mafua. Kuna mwaka tulitembelewa na mgeni mkubwa, akasimama katikati ya maabara kutuhutubia juu ya ufanisi kazini. Saa ikalia. Mgeni akadhani ni moto, akatoka mbio na karatasi zake mkononi. Bi Arobaini aliizima saa, akadondosha dawa kwenye bomba kwa sababu muda wake ulikuwa umefika, akaandika dakika kwenye daftari, ndipo akaenda nje kumwambia mheshimiwa kwamba anaweza kurudi. Tulibaki tunatazama dari ili tusicheke.

Mikono yake nayo ina sifa zake. Kufunga uzi kwenye kipande cha utumbo bila kukichana si mchezo. Nimemwona mtaalamu mgeni akijaribu mara tatu, akitokwa jasho, akilaumu uzi. Bi Arobaini alikuwa kwenye simu akimgombeza binti yake kuhusu sare ya shule. Akaibana simu kwa bega, akafunga mafundo mawili kwa pumzi moja, akaendelea kugomba. Yule mtaalamu aliomba kupigwa picha na yale mafundo.

Kwa wale wa idara nyingine, na kwa jamaa zake watakaohudhuria, nieleze kazi yenyewe. Tunachukua kipande cha utumbo wa panya wa maabara, tunakifunga uzi huku na huku na kukining'iniza ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi yaliyopashwa joto la mwili. Kipande hicho huendelea kuishi kwa saa nyingi. Uzi wa juu unavuta kalamu. Tukidondosha peptidi, yaani kile kijiprotini kifupi ambacho mwili hukitumia kupeleka ujumbe, msuli hujikunja, kalamu hupanda, na kwenye karatasi unapata mlima. Dondosha tena baada ya dakika tano, unapata kilima. Mara ya tatu, kichuguu. Mara ya nne, uwanja wa mpira, hakuna hata tuta.

Hapo ndipo kila mwanafunzi hutamka neno ambalo Bi Arobaini amelipiga marufuku: "Umekufa." Weee! Ukilitamka akusikie, atakuuliza kaburi umeliona wapi. Kisha atakukalisha kwenye kigoda na kukwambia ule msemo wake ambao sote tumeukariri: "Havijafa, vimeingia ndani." Anazungumzia vipokezi, zile sehemu ndogo zilizo kwenye ngozi ya seli ambazo kazi yake ni kupokea ujumbe wa peptidi. Peptidi inabisha hodi, anaeleza, na kipokezi kinaitikia karibu. Lakini wewe ukienda kwa mtu ukapiga hodi mara ishirini kwa dakika moja, hata awe mkarimu namna gani atainuka sebuleni na kujifungia chumbani. Hajafa huyo, amekuchoka. Ondoka. Akishajua umeondoka kweli, atatoka mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi juu ya namna seli zinavyovivuta vipokezi vyake ndani na baadaye kuvirudisha juu, na sijakutana na kilichoeleza vizuri kuliko hivyo.

Muda wa kusubiri ni dakika arobaini. Si thelathini na tano, si "karibu arobaini". Mwanafunzi mwenye haraka ya kuwahi nyumbani hujaribu kuisogeza mbele ile saa ya kengele, na kila mara Bi Arobaini humkamata kwa kutazama karatasi tu, kwa sababu mlima unakuwa na kichwa bapa. Hapo humwambia, bila hata kugeuka, "Za mwizi arobaini." Kijana wa watu anarudisha dakika zake kimya kimya. Hapo ndipo jina la Bi Arobaini lilipozaliwa.

Sasa tumefika penyewe. Wengi wenu mnaamini kwamba dakika arobaini ni kanuni yangu. Makala yake imetundikwa kwenye fremu pale ukumbini, jina langu likiwa la kwanza, na la marehemu Profesa Miwani la pili. Kila mwanafunzi mpya huonyeshwa fremu ile, halafu hunong'onezwa amwogope Bi Arobaini, askari anayelinda kanuni ya mkuu. Tunacheka, naye anacheka. Ukweli ni kwamba kanuni ni yake. Huyo mnayemwita askari ndiye mwenye mali, na mwizi ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nimebakiwa na miezi minne. Swali langu lilikuwa moja: vipokezi vya peptidi yetu vikishaingia ndani, hurudi? Majaribio yangu yalisema havirudi. Nilipumzisha msuli saa nzima, saa mbili, kalamu ikachora uwanja uleule. Halafu siku nyingine, bila sababu yoyote, ilichora mlima mzima, na siku hizo ndizo zilizonichanganya zaidi. Profesa Miwani, msimamizi wangu, ambaye kila siku alitafuta miwani yake ya pili ikiwa kwenye paji la uso wake, aliniambia kwa upole kwamba mradi utafungwa mwisho wa muhula nisipopata kitu kinachojirudia. Maana yake ningerudi kwa wazazi wangu mikono mitupu.

Tulifanya kila ambalo wasomi hufanya. Tulilaumu panya, tukaleta wengine. Tulilaumu chumvi, tukapima upya. Tulilaumu peptidi, tukaagiza nyingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuhusu kuosha, kwa sababu kuosha ilikuwa kazi ya fundi, na sisi eti ndio tulikuwa watu wa kuwaza.

Bi Arobaini alikuwa na daftari ambalo hakuna aliyemwagiza kuwa nalo, daftari la kuoshea. Humo aliandika bomba gani limesuuzwa lini, mara ngapi, na mpira wake wa kupitishia maji una umri gani. Siku moja aliokota karatasi zangu nilizozitupa kwenye kapu, akazilinganisha na daftari lake. Akaona kwamba milima yote iliyorudi ilitoka bomba namba moja. Na bomba namba moja lilikuwa limevunjika mwezi uliotangulia (kwa mkono wangu, leo niseme yote), likafungwa jipya pamoja na mpira mpya. Mabomba mengine yalikuwa na mipira mikuukuu. Akawaza kama anavyowaza mtu aliyeosha vyombo miaka kumi na sita: humu kuna kitu kimegandia. Peptidi ilikuwa imejishikiza kwenye kuta za mipira ile, inaachia kidogo kidogo, na msuli niliodhani umepumzika ulikuwa bado unabishiwa hodi mchana kutwa. Vipokezi vingetokaje?

Alibadilisha mipira wakati wa mapumziko ya mchana, sisi tukiwa tumekwenda kula. Akasuuza mara saba badala ya mara tatu. Akaitega saa ya mume wake dakika ishirini, akapata kichuguu. Dakika thelathini, kilima. Dakika arobaini, mlima uleule wa kwanza, haukupungua. Saa nzima haikuongeza kitu. Alirudia siku kumi na moja, akila mkate wake amesimama. Siku ya kumi na mbili akaniita kwenye chumba cha kuoshea, akalifungua daftari juu ya rafu, akasema, "Mdogo wangu, hebu tazama hii kabla hawajakufungia mradi."

Nilitazama. Nikalia palepale, wala sioni haya kusema. Kwa miezi miwili iliyofuata nilirudia kila kitu kwa utaratibu wa kisomi: mipira mipya na mikuukuu, kusuuza na kutosuuza, dakika hizi na zile. Kila kitu kilikwenda kama daftari lilivyosema. Nilipompelekea Profesa karatasi alizikagua moja moja, akashusha miwani ya paji ikagongana na ya macho, akaniuliza wazo la mipira nimelitoa wapi.

Jamani, jibu lilikuwa maneno mawili: kwa fundi. Nilivuta pumzi niseme. Profesa hakungoja. Alinipiga bega, "Hongera kijana, hongera sana," akatoka kuwaita wenzake. Ningeweza kumfuata. Ukumbi ule una hatua ishirini tu, nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikaa. Baada ya wiki ilikuwa vigumu zaidi kusema, na baada ya mwezi nilikuwa naandika makala. Mwisho wa makala kuna mstari wa shukrani usemao: tunamshukuru fundi wa maabara kwa kuosha vyombo. Mstari huo sikuandikiwa na mtu. Niliuandika mimi, nikausoma, nikaona unatosha.

Mara ya kwanza niliposhangiliwa mkutanoni kwa kazi ile, chakula hakikupita kooni. Mara ya pili nilikula kidogo. Kufikia mara ya kumi nilikuwa natabasamu na kuomba niongezewe chai. Sikuona aibu tena, na nilidhani imekufa. Bi Arobaini naye aliendelea kunifungia nyuzi na kuwafundisha wanafunzi wangu "kanuni ya mkuu", nami nikajiambia kwamba hakujali. Binadamu tuna akili sana tunapotaka kujidanganya.

Mwezi uliopita tulikaa kukabidhiana kazi. Ana madaftari thelathini na moja, ameyafunga uzi kwa fundo lake lile. Kila daftari nilitakiwa kulifungua, kulikagua na kutia saini. Tulikuwa tunataniana vizuri mpaka daftari la kumi na nne. Nilifungua nikakutana na siku zile kumi na moja, na alama ya mafuta ya mkate pembeni. Chini ya siku ya kumi na mbili alikuwa ameandika sentensi ambayo sikuwahi kuiona: "Leo nimempa mdogo wangu. Atafaulu."

Aibu ya miaka kumi na minane ilirudi nzima, kana kwamba Profesa ametoka mlangoni sasa hivi. Niliweka kalamu nikamwambia yote: nilivyoulizwa, nilivyonyamaza, nilivyouandika ule mstari nikijua. Nilimwomba msamaha. Zangu arobaini zimechelewa sana, nikamwambia, lakini zimefika.

Msidhani alinikumbatia. Alisogeza madaftari pembeni, akasema, "Uliniumiza." Kisha akanieleza jambo ambalo nisingelijua. Wiki ile aliyoniachia daftari alimwambia binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne, kwamba mama amegundua kitu kazini na kitachapishwa. Makala ilipotoka alipeleka nakala nyumbani. Mtoto aliisoma yote akitafuta jina, neno gumu kwa neno gumu, mpaka mstari wa mwisho. Aliikunja vizuri akamrudishia mama yake, akaenda kufua sare. Tangu siku hiyo, kila Bi Arobaini alipoanza kusimulia habari za kazini, binti aliitikia, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayemstahi mzazi asimwaibishe. Mume wake alitaka kuja kuniuliza. Yeye alimkataza, kwa sababu ada za shule zilitegemea kibarua hiki, na kwa sababu, alisema, alinitarajia niende mwenyewe.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ndipo akanirushia moja ya zake: "Afadhali umesema nikiwa hai. Ungengoja uje kusema msibani, nani angekujibu?" Tukacheka, machozi yakitutoka sote wawili. Alinisamehe, ila kwa masharti, na masharti yake mnayajua hayana "karibu".

Nimeyatimiza. Nililiandikia jarida, nikaambatanisha kurasa za daftari la kumi na nne. Juzi limejibu kwamba litachapisha sahihisho: mwandishi wa kwanza ni yeye, mimi ninafuata. Mstari wa kuosha vyombo utafutwa. Fremu ya ukumbini nimeishusha kwa mkono wangu, na wanafunzi walioniona nikipanda ngazi nimewaeleza sababu. Sharti la mwisho ni kwamba barua ya jarida niisome kwa sauti siku ya sherehe, nikiwa nimesimama, mbele ya watu wote. Kwa hiyo kama unasoma programu hii ukiwa umeketi, subiri kidogo. Zamu yangu ni baada ya wimbo.

Bi Arobaini, kwa niaba ya wanafunzi zaidi ya mia mbili waliojifunza kufunga uzi mikononi mwako, kwa niaba ya kila aliyezuiwa na wewe kutupa kitu kilichokuwa bado hai, na kwa niaba ya mdogo wako huyu uliyemwokoa kabla hajakusaliti, tunakushukuru kutoka moyoni. Mzee fundi saa amesema anakungoja kibandani umsaidie kusoma namba ndogo. Uende salama dada yetu, upumzike vizuri, na siku zako zote zilizobaki ziwe zako mwenyewe, hakuna wa kukuibia hata dakika.

Na wewe binti yake, muuguzi wetu, tunajua umeomba ruhusa kazini na umesafiri tangu jana ili uwepo. Kiti chako ni kile cha mbele, katikati. Nitasoma barua ile taratibu, jina lake kwanza, ili usikie vizuri: siku ile mama yako alikwambia kweli.